Mgeni kuandika "quite good": kasifia au kaponda?

Mangi, swali lako limenichekesha maana hilo neno lilishanitoa jasho mimi mwenyewe. Unasema mgeni wako wa Leeds kashuka mlima, kwenye fomu ya maoni akaandika "The food was quite good", na ofisi imekuita ujieleze wakati wewe mpishi ulikuwa unasubiri pongezi. Mimi napandisha wageni Kilimanjaro kutokea hapa Moshi, nilianza kama mgumu, yaani mbeba mizigo, sasa ni mwongoza wageni. Ngoja nikupe ninavyoijua "quite".

Shuleni tulikaririshwa kwamba ni "kabisa". Si uongo. Ina asili moja na "quit", kumalizana na jambo, kuwa huru nalo. Kwa hiyo ikikaa na neno lisilo na nusu, inabaki kabisa: "quite impossible", haiwezekani kabisa, "quite sure", nina hakika kabisa. Kazi iko kwenye maneno yenye vipimo, kama good, cold, tired. Hapo Mwingereza anashusha: nzuri kiasi, inapita. Mmarekani anapandisha: nzuri haswa.

Hilo nililijulia kambi ya Horombo, mita 3,720. Mzee mmoja wa Kimarekani kaonja mtori, katikisa kichwa, "This is quite good." Siku hizo nilishaelekezwa na Mwingereza kuwa ni "kiasi", nikatimua mbio hadi jikoni kumwambia mpishi mtori haujakubalika, aokoe jahazi. Mpishi alininunia hadi getini. Kumbe nyuma huku mzee alikuwa anaomba bakuli la tatu.

Ila iliyonitisha ni nyingine. Usiku wa kileleni, tumeshaiacha kambi ya Kibo chini, namuuliza mama mmoja wa Kiingereza anajisikiaje. "I'm quite cold." Nikasema moyoni, baridi kiasi, nani hana? Tukaendelea. Haukupita muda nikamwona anahangaika na zipu ya koti, vidole havimtii. Nikamvalisha glavu zangu, nikamnywesha chai ya tangawizi ya kwenye chupa, tukageuza. Tangu hapo nina kanuni yangu, haimo kwenye kamusi: Mwingereza akisifia, punguza kidogo; akilalamika, zidisha. Wengi wao hawapendi kulialia mbele za watu. Hata bibi yangu Kibosho yuko hivyo, unamkuta hoi kitandani, ukimuuliza hali anakwambia "nipo nipo tu, mjukuu wangu."

Vingine vya harakaharaka. "Quite a few" si wachache, ni wengi. "Quite a climb" ni mpando usio wa mchezo. "Not quite" ni bado kidogo: mkifika Stella Point mgeni akadhani ndio kileleni, jibu ni hilo, maana hadi kilele chenyewe, Uhuru, mita 5,895, bado kuna mwendo. Na mtu akijibu "Quite" tupu akanyamaza, kakubaliana na wewe. Usimsubiri amalizie.

Halafu jamani, "quiet" ni neno lingine, ni ukimya. Niliwahi kuandika kwa mkono wangu mwenyewe kibao cha kambini, "Please be quite." Wageni wakawa wanakipiga picha, mimi nimevimba kichwa nikidhani wamependa mwandiko. Kilikaa msimu mzima.

Turudi kwako. Angesema kwa mdomo ungesikiliza mkazo: akiubana kwenye "quite", ujue kuna "lakini" inakuja, akiubana kwenye "good", kapenda kweli. Kwenye karatasi mkazo haupo, kwa hiyo tunabaki na anakotoka. Leeds ni Uingereza, na hiyo ni sifa, si malalamiko. Soma "chakula kilipita, si haba". Waambie ofisini hivyohivyo, hakuna aliyekuponda. Ila kabla hujapanda safari ijayo, mtafute yule weita aliyekuwa anawahudumia, umuulize sahani za huyo mgeni zilikuwa zinarudi jikoni na nini.