Aliyekuwa mume wangu anajua kila ninakokwenda: nifanyeje?

Pole sana dada. Umesema anajua unakokwenda na hata anakutajia maneno uliyoandika WhatsApp, wakati mmeshaachana. Hilo halihitaji utaalamu. Inatosha aliishika simu yako dakika moja mkiwa bado pamoja.

Anza na WhatsApp. Gusa nukta tatu juu (kwenye iPhone, fungua mipangilio), ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta au simu usiyoijua, ndiyo inayosoma jumbe zako. Ipige picha ya skrini kwanza, maana polisi watataka ushahidi, kisha iondoe. Halafu fungua Google Maps, gusa picha yako, uangalie kama unashiriki mahali ulipo na mtu. Badilisha nywila ya Gmail na namba ya siri ya simu, tena usiweke tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, anaijua.

Kuzima GPS peke yake hakutoshi iwapo akaunti yako bado iko wazi kwake.

Lakini kama amewahi kukupiga au kukutishia, usiondoe chochote ukiwa peke yako nyumbani. Atagundua amefungiwa, na hasira yake naiogopa kuliko hiyo simu. Nenda kwanza kwa ndugu, au dawati la jinsia kituoni.