Maswali ya Wasomaji: Magari Madogo ya Mfano kutoka Ufaransa

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu ameacha sanduku dogo lenye magari mawili ya chuma ya kuchezea, moja ni Peugeot 404 na la pili ni Citroën DS, yote yakiwa na maandishi ya Dinky Toys upande wa chini. Rangi imebanduka kwenye kingo na matairi yamekauka hadi yamepasuka. Jirani yangu ni fundi rangi wa magari, naye yuko tayari kuyapuliza rangi mpya. Je, nimruhusu? Na nitajuaje kama magari haya ni ya zamani kweli? – Msomaji, Upanga.

JIBU: Ndugu yangu wa Upanga, pole kwa msiba. Mshukuru jirani yako kwa moyo wake mwema, lakini mwombe asiyaguse magari hayo. Mkusanyaji anayejua anachokitafuta hulipia rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechubuka, kwa sababu hiyo ndiyo ushahidi wa gari lilivyotoka mikononi mwa waliolitengeneza. Ikishafunikwa na rangi ya dukani, ushahidi huo hauwezi kurudishwa. Hata kwa mtu asiyefikiria kuuza, kama nadhani ulivyo wewe, michubuko ile ni alama za mikono ya baba yako, na mimi binafsi nisingekubali ifutwe.

Matairi ni jambo jingine. Yapo matairi mapya ya mpira yanayotengenezwa kwa ajili ya magari ya Dinky, na kuyabadilisha hakuharibu kitu, ilimradi yale ya zamani uyahifadhi kwenye bahasha pamoja na gari lenyewe. Ukitaka kuyasafisha magari yenyewe, tumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo sana na brashi laini, usiyaloweke, kisha uyakaushe vizuri, hasa sehemu za ekseli, kwa kuwa hizo ni za chuma kinachoshika kutu. Petroli na thina visikaribie kabisa.

Kuhusu uhalisi, anza upande wa chini. Kampuni ya Meccano ya Uingereza, iliyokuwa mwenye chapa ya Dinky, ilikuwa na kiwanda huko Bobigny, karibu na Paris, na humo ndimo yalimotengenezwa magari mengi ya Kifaransa ya Dinky katika miaka ya 1950 na 1960. Kwa hiyo tarajia kuona jina la Meccano na la Ufaransa. Miaka ya karibuni zimetengenezwa nakala nyingi nchini China, nzuri kwa macho, zikiwa ndani ya maboksi ya manjano yaliyoigwa yale ya zamani. Nakala hizo si za kudharauliwa, lakini bei yake ni nyingine kabisa. Gari ambalo rangi yake haina hata mkwaruzo, lililomo katika boksi jipya, huku muuzaji akidai kwamba ni la mwaka 1961, lipe muda wa kulichunguza kabla ya kutoa fedha.

Naomba pia ujue umeachiwa nini. Peugeot 404, iliyochorwa na Pininfarina, kampuni ya Italia ya kubuni maumbo ya magari, na kuanza kuuzwa mwaka 1960, ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza 7 tu. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na msoma ramani wake Chris Rothwell. Ndiyo maana nasema kwamba gari dogo la 404 ndani ya kabati la nyumba ya Dar es Salaam ni sehemu ya historia yetu wenyewe, wala si pambo la ugenini.

SWALI: Naona magari ya mfano yameandikwa 1:43, mengine 1:18. Maana yake nini, na kwa nini iwe 43, isiwe 40 au 50? – Msomaji, Temeke.

JIBU: Ni uwiano kati ya gari halisi na mfano wake. Peugeot 404 ina urefu wa mita 4.44, hivyo katika 1:43 inakuwa na sentimeta 10 na ushee, na katika 1:18 inakaribia sentimeta 25. Namba 43 ilitokana na treni za kuchezea: katika kipimo kimoja kilichopendwa Uingereza, milimita 7 zilisimama badala ya futi moja, na futi ina milimita 304.8. Gawanya, utapata 43 na nusu. Magari yalitengenezwa ili yakae kando ya treni hizo, na kipimo kikabaki hata treni zilipoachwa.

SWALI: Baadhi ya magari yangu yameota malengelenge chini ya rangi, na moja limepasuka bodi bila kuanguka. Je, ni unyevu wa huku Kigamboni? – Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Unyevu unachangia, lakini chanzo cha mpasuko huenda kiko ndani ya chuma chenyewe. Magari haya hutengenezwa kwa mchanganyiko uitwao zamaki, yaani zinki pamoja na alumini, magnesi na shaba kidogo. Metali ya risasi ikiingia humo wakati wa kuyeyusha, hata kwa kiasi kidogo, metali huliwa kutoka ndani, huvimba, hupasuka, na mwisho humomonyoka. Joto na unyevu huharakisha hali hiyo. Haina tiba, ila pia haiambukizi gari lililo kando yake, kwa hiyo usiwe na hofu ya kuliacha kabatini. Ugonjwa huu ni wa kawaida zaidi kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Malengelenge ndiyo unayoweza kuyazuia. Tumia kabati la vioo lililo mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari na jua la mchana, na weka humo vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu, ukivibadilisha mara kwa mara wakati wa masika. Ondoa pia sifongo zinazokuja ndani ya maboksi, kwani zikioza hushikamana na rangi.

SWALI: Ninaanza na fedha kidogo. Ninunue nini? – Msomaji, Mbagala.

JIBU: Chagua gari moja na ulijue vizuri. Chukua Citroën 2CV, iliyooneshwa Paris mwaka 1948 na kutengenezwa hadi 1990. Boneti yake ilikuwa na mikunjo mingi mfano wa bati la paa hadi mwishoni mwa 1960, na milango ya mbele ilifunguka kuelekea nyuma hadi mwishoni mwa 1964. Mfano ulioandikwa 1955 lakini wenye boneti ya baadaye umekosewa. Kwa DS, iliyozinduliwa Oktoba 1955, tazama taa: zile zilizofunikwa kwa kioo zilianza mwaka 1967.

Norev na Solido, kampuni za Ufaransa, zina mifano mipya ya bei nafuu kuliko Dinky ya zamani. Lakini tahadhari na Norev za miaka ya 1950, kwa kuwa zilikuwa za plastiki ambayo hupinda kadiri inavyozeeka, na joto letu haliisaidii. Pitia pia mafungu ya vitu vya kuchezea vya mitumba pale Karume, ambako gari la Majorette, chapa nyingine ya Kifaransa, linaweza kuwa limechanganyika na wanasesere. Ukiagiza kutoka nje, uliza kwanza gharama za posta na ushuru wa forodha, kwa sababu kwa gari moja dogo gharama hizo huweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Ni afadhali watu watatu au wanne waagize kwa pamoja.