Fundi Anajibu: Polo, mlima wa Siegen na matairi ya baridi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi natokea Moshi, sasa naishi Kreuztal hapa Ujerumani na nafanya kazi ya kuuguza wazee Siegen. Mwezi wa nane nilinunua Volkswagen Polo kwa mfanyakazi mwenzangu aliyestaafu. Matairi yameandikwa M+S, naye aliniambia ni ya misimu yote, nisihangaike. Ubavuni nimeona pia namba 2316. Mume wangu anasema gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo tununue matairi mawili tu ya baridi tuyafunge mbele, hela inayobaki iende kwenye ada ya mtoto nyumbani. Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na makao ya wazee yako juu mlimani. Nifunge, au nisubiri kwanza nione kama theluji itaanguka?
Mama wa zamu ya asubuhi, Kreuztal

JIBU: Marahaba, binti yangu. Funga, tena funga yote manne, na usiache Oktoba iishe.

Tuanze na hayo uliyo nayo. Namba 2316 maana yake yalitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Wakati ule herufi M+S, yaani matope na theluji, zilitosha kwa sheria ya hapa, ingawa kiwanda kiliweza kuziandika bila tairi kupimwa kwenye theluji. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 hazitoshi tena. Tairi la baridi, au la misimu yote, sharti liwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Chuchumaa uzunguke matairi yote manne. Usipoiona alama hiyo, basi barabara ikiwa na theluji, barafu au sakitu, wewe unaendesha kinyume cha sheria hata kama mifereji ya tairi bado ina kina. Faini ni euro 60 na pointi moja kwenye rekodi yako ya udereva, na ukizuia wengine njiani inapanda kuwa euro 80. Mzee aliyekuuzia hakukudanganya, nadhani alishika habari za zamani. Lakini raba ya umri huo mimi nisingeiamini hata bila sheria.

Sheria ya Ujerumani haitaji tarehe, inatazama hali ya barabara. Ndiyo maana mtu anayekaa katikati ya Köln, mwenye treni mlangoni, anaweza kuliacha gari lake siku ya theluji na asivunje sheria yoyote. Huyo namwambia anunue matairi ya misimu yote yenye alama ya mlima, yanamtosha. Wewe huna nafasi hiyo. Kuna mzee anayesubiri kuogeshwa na kupewa dawa, na mwenzako wa zamu ya usiku anasubiri umpokee. Utatoka tu, hali iwe vipi, tena alfajiri, saa ambayo barabara ina baridi kuliko saa zote, na utapanda mlima. Hapo ndipo uamuzi ulipo.

Theluji yenyewe ni sehemu tu ya habari. Raba ya tairi la kiangazi hukakamaa kwenye baridi, na mafundi huku huchukua nyuzi 7 za Selsiasi kuwa mpaka. Chini ya hapo, lami ikiwa na sakitu au barafu, gari huchelewa kusimama unapokanyaga breki. Raba ya tairi la baridi hubaki laini, na uso wake una chale nyingi nyembamba zinazofunguka na kung'ata. Madaraja ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu upepo hupita juu na chini yake, hivyo huganda kabla ya barabara nyingine. Unatoka nyumbani lami inaonekana imelowa tu, unafika darajani gari linateleza.

Kuhusu shauri la mumeo: ninamwelewa, ada ya mtoto si jambo dogo. Lakini nimeona magari ya namna hiyo yakiletwa kwetu yamevutwa. Mbele panashika, nyuma hapashiki. Unateremka kutoka kazini, unagusa breki kwenye kona, mkia wa gari unatoka nje na gari linageuka. Mlima utaupanda vizuri kweli, taabu ni kuushuka. Kama hela ni ngumu, afadhali mkubaliane kununua manne ya bei ya kati kuliko mawili ya bei kubwa.

Ukipata yaliyotumika, chukua sarafu ya euro 2 uisimamishe ndani ya mfereji. Ukingo wake wa rangi ya fedha una upana wa milimita 4. Ukionekana, usinunue. Sheria inaruhusu hadi milimita 1.6, ila kwenye theluji tairi la namna hiyo halikusaidii kitu.

Usisubiri theluji. Siku inapoanguka mara ya kwanza, simu ya karakana yetu hapa Hagen haipumziki, na watu wanapangiwa wiki inayofuata. Piga simu sasa.

Jambo moja zaidi: ikinyesha mvua inayoganda papo hapo, hakuna raba inayoshika, na matairi ya misumari yamepigwa marufuku hapa. Asubuhi hiyo piga simu kazini useme utachelewa.

Ukishafungiwa, endesha kama kilomita 50 kisha urudi nati zikazwe upya, na upepo upimwe matairi yakiwa yamepoa. Kipimo cha upepo kimeandikwa kwenye kifuniko cha tangi la mafuta au kwenye nguzo ya mlango wa dereva.