Sabuni ya Kigoma mbele ya sabuni ya mbali: ushauri kwa mwenye kiwanda kidogo

Mwaka wa pili tangu nianze kuchemsha sabuni hapa Ujiji, maduka ya Mwanga, hapa mjini Kigoma, yalijaa sabuni za mche kutoka viwanda vikubwa vya Dar es Salaam, na bei yake ya rejareja ilikaribiana na gharama yangu ya kuzalisha. Nilifanya kile ambacho wengi wetu hukifanya tukibanwa: nilishusha bei, na ili nisile hasara nikaongeza udongo mweupe ndani ya sabuni. Mche ulinenepa na kuwa mzito, lakini povu likatoweka. Mteja wangu mkubwa wa Kibirizi, mama mtu mzima anayesafirisha bidhaa kwa boti hadi Burundi, alinirudishia katoni tatu na kuniambia, "Mwanangu, hii umeniletea chokaa." Sikuwa na la kujibu, nikazipokea.

Naandika kwa sababu kosa lile naliona likirudiwa na vijana wanaoanza viwanda vya sabuni, mafuta na unga katika mkoa huu. Tukisikia neno utandawazi tunafikiria bidhaa ya mgeni iliyo dukani, kisha tunakimbilia bei. Ushauri wangu ni kuanza kwa kujiuliza ni kitu gani hasa kinachokulinda, na kitakulinda kwa muda gani.

Historia ya mkoa wetu inatoa mfano mzuri. Katika karne ya 19 misafara iliyofika Ujiji ilileta kitambaa cha merikani, kilichoitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani, na vitambaa vya namna hiyo vilidhoofisha ufumaji wa pamba uliokuwapo Unyamwezi na Ufipa. Chumvi ya Uvinza, kwa upande wake, iliendelea kuchemshwa na kuuzwa kuzunguka Ziwa Tanganyika. Sababu ninayoiona mimi ni ya mizani tu: kitambaa ni chepesi na kina thamani kubwa, kwa hiyo kilistahimili gharama ya kubebwa kichwani kutoka pwani, ilhali chumvi ni nzito na bei yake ni ndogo. Basi pima uzito wa bidhaa yako dhidi ya thamani yake. Sabuni ya mche iko upande wa chumvi, na zaidi ya kilometa 1,200 za reli kutoka Dar es Salaam zimekuwa ngome yangu kuliko ushuru wowote wa forodha.

Kuhusu ushuru sitasema mengi. Mwaka 2018 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya mawese yanayoingizwa nchini hadi asilimia 25, na tulishangilia, lakini kinachopandishwa katika bajeti moja huweza kushushwa katika nyingine. Usikope benki kwa kutegemea ushuru.

Lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni kwamba soko la dunia huingia kiwandani kupitia malighafi kabla halijafika dukani. Kostiki soda ninayotumia, yaani kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, huagizwa kutoka nje, na mwaka 2023, dola zilipoadimika nchini, wauzaji walipandisha bei ya mfuko wa kilo 25 bila hata kutuaga. Mafuta nayo yana mkasa wake. Tarehe 28 Aprili 2022 Indonesia ilizuia uuzaji wa mafuta ya mawese nje ya nchi hiyo, na zuio lilidumu hadi 23 Mei. Katika wiki hizo wanunuzi kutoka mikoa mingine walifika hadi huku kwetu, Simbo na Mwandiga, kutafuta mawese, na madumu niliyozoea kuletewa mlangoni yakapakiwa kwenye malori yao. Mkulima alifanya haki yake. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilikuwa nikinunua kwa mazoea bila makubaliano yoyote. Sasa nina mapatano ya maandishi na kikundi cha wakulima, ninatanguliza sehemu ya fedha kabla ya msimu, na kostiki soda tunaiagiza pamoja na wenzangu watatu ili tupate bei ya jumla.

Baada ya hapo ndipo nilipogusa bidhaa yenyewe. Sabuni ya mawese matupu ni ngumu na hudumu, lakini povu lake ni dogo. Mafuta ya mise, yaani ya kokwa ya chikichi, ndiyo yanayoleta povu. Tunayo mise tele, na mgeni hawezi kuipata kwa bei yetu. Tahadhari ni kwamba kila mafuta yana kipimo chake: kilo moja ya mawese huhitaji takribani gramu 140 za kostiki soda, lakini ya mise huhitaji karibu gramu 175, kwa hiyo anayebadilisha mafuta bila kubadilisha kipimo hupata sabuni yenye utelezi wa mafuta au, akikosea upande wa pili, inayochubua mikono ya wateja. Nunua mizani ya uhakika kabla ya kununua mashine yoyote.

Alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, niliichelewesha nikidhani ni anasa ya wakubwa, wakati mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hupewa huduma hiyo bila malipo katika miaka ya mwanzo. Bila alama hiyo mzigo wako utakwama mpakani. Na mpaka ndio faida yetu nyingine, kwa kuwa Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Kongo ilijiunga mwaka 2022. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 husafiri kwa cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, ambacho mfanyabiashara wa boti anaweza kukijaza mwenyewe. Yule mama wa Kibirizi alirudi kununua kwangu baada ya miezi saba, na mara ya kwanza alichukua katoni moja tu.

Ngome ya umbali haitadumu. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, ulisainiwa Desemba 2022, na siku treni hiyo itakapofika, mche wa Dar es Salaam utatufikia kwa nauli ndogo zaidi. Kwa sababu hiyo faida ya mwaka huu sijaiweka katika kuongeza ukubwa wa banda. Nimenunua kinu cha kuminya mise, ili mafuta yanayotoa povu nisiyanunue tena kwa mtu, na fundi ataanza kukifunga wiki ijayo.