Mkono wa kulia umekufa ganzi, nikahamia kushoto, na wenyewe umeanza

SWALI: Anti shikamoo. Nina miaka 31, nachapa kwenye stesheneri moja karibu na chuo hapa Morogoro. Msimu wa ripoti za utafiti wanafunzi wote wanataka kazi yao kesho, na mi nalipwa kwa ukurasa kwahiyo sikatai, kuna siku naingia saa mbili asubuhi natoka saa nne usiku. Sasa tangu mwaka jana mkono wa kulia unakufa ganzi, gumba na vidole viwili vinavyofuata, usiku naamka naukung'uta kama nakung'uta nguo iliyoloa ndo napata usingizi tena. Juzi kikombe cha chai kimenidondoka mbele ya mteja. Nikahamishia mausi mkono wa kushoto, miezi miwili tu na wenyewe umeanza. Mama mkwe anasema nimerogwa na mwenye stesheneri ya jirani, bosi anasema ni uvivu, duka la dawa wamenipa vidonge na dawa ya kuchua, nikitumia napata nafuu, vikiisha maumivu yanarudi. Nifanyeje Anti, kazi ndo hii na watoto wawili wanasoma.
Mchapaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Nilichapa barua na mihtasari ya vikao miaka 11, najua huo usiku unaousema, unakaa kitandani umeshika mkono wako kama wa mtu mwingine na nyumba nzima imelala.

Hakuna aliyekuroga na wala wewe si mvivu, mvivu gani anachapa masaa 14? Sikiliza. Pale kwenye kifundo, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba, chini mifupa, juu utepe mgumu, na humo ndani zimebanana kano 9 za kukunjia vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba au kifundo kikikaa kimekunjwa muda mrefu nafasi inakwisha, anayeumia ni huo mshipa. Na ndo huo unaohudumia gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho hukukitaja kwenye barua yako, kina mshipa wake mwingine unaopita nje ya hiyo njia, ndo maana nadhani tatizo ni hapo. Usiku panazidi kwasababu tukilala tunakunja vifundo bila kujua. Ila mi sio daktari, na mshipa huo unaweza kubanwa pia kwa sababu ya kisukari, tezi ya shingo au ujauzito, kwahiyo nenda hospitali ya mkoa, waambie wakupime na sukari, halafu uliza kitengo cha fiziotherapia.

Hilo la kuhamia kushoto limenigusa kuliko yote maana hata mi nilifanya. Mwaka 1713 kuna daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika habari za makarani, akamtaja mmoja anayemfahamu aliyeandika maisha yake yote mpaka mkono wa kulia ukapooza, akajifunza kuandika kwa kushoto, haikupita muda mrefu na wa kushoto ukashikwa na ugonjwa uleule. Kalamu ya manyoya hiyo, kompyuta haijaota hata ndotoni! Mzigo ukiuhamisha bila kuupunguza unabaki mzigo uleule mdogo wangu, hapo ndo pa kuanzia.

Najua unalipwa kwa ukurasa. Lakini kila nusu saa simama dakika tatu, toa mikono kabisa kwenye kibodi, usiitumie kuchati. Geuza kibodi uone vile vimiguu viwili vya nyuma, vikunje, vinainua kibodi na kukukunja vifundo siku nzima. Kiti cha plastiki na meza ndefu ni shida nyingine, weka mto au khanga uliyokunja ukae juu mpaka kiwiko kiwe usawa wa kibodi, miguu ikining'inia iweke juu ya boksi la karatasi. Usiegemeze kifundo kwenye ncha ya meza. Na usigonge vitufe kwa nguvu, sisi tuliofundishwa na watu wa taipureta tunagonga kama tunatwanga.

Usiku vaa kile kifaa cha kunyoosha kifundo, mtu wa fizio atakupimia, vaa kila usiku kama wiki 6 ndo uhukumu. Mi siku tatu za kwanza nilikitupa chini ya kitanda, wiki ya pili nikalala mpaka adhana ya alfajiri, nikalia kwa furaha. Vidonge visiwe ndo matibabu, ukivimeza miezi na miezi vinakula tumbo na figo. Halafu angalia nyama iliyotuna chini ya gumba, linganisha mikono yote miwili, ukiona upande mmoja umeanza kubonyea, au ganzi haiondoki hata mchana, usisubiri msimu uishe. Kuna sindano, na kuna upasuaji mdogo wa kukata ule utepe, wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kitu ambacho hawakuulizi ni kazi za nyumbani. Unatoka kuchapa unakwenda kukamua mashuka, kusonga ugali, kukuna nazi, mkono uleule. Mwambie mumeo, mwambie na mama mkwe, umuoneshe hicho kidole cha mwisho kisichoumwa, uchawi hauchagui vidole. Mi nazi sijakuna miaka 14 sasa, wanangu wa kiume ndo wanakaa kwenye mbuzi na wamezoea.

Bosi mwandikie, usiseme kwa mdomo tu, ubaki na kopi. Tanzania bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unahusu na magonjwa yatokanayo na kazi, mchango analipa mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Nenda ofisi yao ukiwa na karatasi za hospitali uulize kama mwajiri wako amesajiliwa na kama malipo ya kwa ukurasa yanahesabika.

SWALI: Anti, mi nipo Nairobi, nasikiliza rekodi na kuziandika kwa laptopu, pesa inalipwa na wateja wa nje. Naumwa kifundo upande wa gumba, hakuna ganzi. Ninunue kibodi ya bei ghali?
Kijana wa usiku

JIBU: Kunja gumba ndani ya ngumi, halafu inamisha ngumi taratibu kuelekea kidole cha mwisho. Ukisikia imechoma palepale, inawezekana ni kano za gumba, na kabla ya kulaumu kibodi niambie simu unaishika masaa mangapi, maana kuskroli kwa gumba moja nako ni kazi. Hela ya kibodi subiri kwanza. Nunua pedali ya mguu ya kusimamisha na kurudisha sauti ili vidole visikimbie huku na huku, laptopu iinue na utumie kibodi ya kawaida ya pembeni, simu ongea badala ya kuandika. Wiki 2 au 3 zikipita na bado inachoma, nenda wakuone.