Ile "Sawa" ya Mumeo: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako niliupata juzi usiku, nikausoma, nikaweka simu chini, nikausoma tena alfajiri. Unasema umepata kazi ya usimamizi wa vihatarishi kwenye benki moja pale DIFC, kile kituo cha kimataifa cha fedha cha Dubai, mshahara dirhamu 27,000 kwa mwezi, na wanataka jibu ndani ya wiki mbili. Halafu ukaniuliza: "Mama, mwaka 2006 ulipomfuata baba Dubai, ulitaka au ulifuata tu? Mume wangu amesema sawa, na mimi sijui ile sawa ina maana gani."

Nilifuata tu, mwanangu.

Baba yako, Mungu amrehemu, hakunilazimisha. Alikuja na barua ya kazi mkononi, uso umejaa furaha, akanisomea mshahara kwa dirhamu kisha akanigeuzia kwa shilingi, nami nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu sikuona ningeanzia wapi kusema vingine. Nilikuwa na miaka 11 ya kufundisha hesabu sekondari. Niliomba likizo bila malipo, nikanyimwa, nikaandika barua ya kuacha kazi siku ileile kabla ujasiri haujaniishia. Wewe ulikuwa na miaka tisa, mdogo wako minne.

Tulipofika, viza ya baba yako ilitoka kwanza, ndipo zikafuata zetu, maana yeye ndiye aliyetudhamini. Nilipofungua pasipoti yangu nikasoma kazi niliyoandikiwa: mama wa nyumbani, haruhusiwi kufanya kazi. Nilisimama na pasipoti ile pale mlangoni, mfuko wa nyanya haujashuka mkononi. Kuwa mama wa nyumbani si jambo la aibu, bibi yako alikuwa hivyo na alitulea wote. Lakini mimi nilikuwa mwalimu, na hakuna aliyeniuliza.

Ninyi mlikuwa na raha, na nilifurahi kuwaona hivyo. Unakumbuka Al Nahda, ile ghorofa ya sita? Unakumbuka abra, ile mashua ya dirhamu moja kule Deira, mdogo wako akitaka kuvuka hori mara nne nne? Nguzo za reli ya metro zilikuwa zinajengwa, kila Ijumaa mkazihesabu mkiwa kwenye gari. Treni yenyewe hamkuipanda. Ilianza Septemba 2009, sisi tukiwa tumeshaondoka.

Usiku mkishalala, na baba yako bado yuko ofisini kufunga hesabu za mwezi, nilikuwa natoa mitihani ya zamani ya kidato cha nne niliyokwenda nayo kwenye begi. Nilinunua daftari nikawa nafanya swali mojamoja. Logariti, matriki, vipeuo. Maswali yakaisha, nikaanza kujitungia. Moja lilikuwa hili: ndege imetoka Tanga, nyuzi 5 kusini ya ikweta, ikaenda kaskazini moja kwa moja mpaka ikafika usawa wa Dubai, nyuzi 25 kaskazini. Imesafiri umbali gani? Nyuzi 30, kila nyuzi maili za baharini 60, jumla maili 1,800. Nilikokotoa kwa kalamu nyekundu, nikajiwekea alama ya vema kama ninavyomsahihishia mwanafunzi.

Baba yako alilikuta daftari lile juu ya friji, mwaka wa pili ukielekea mwisho. Alilifungua lote, ukurasa kwa ukurasa, amesimama, tai bado iko shingoni. Akaniuliza, "Unamfundisha nani?" Nikamwambia hakuna. Akakaa chini. Usiku ule tulizungumza mpaka adhana ya alfajiri, na ndiyo mara ya kwanza aliniuliza swali hili uliloniuliza wewe: nilitaka au nilifuata tu. Alikuwa amechelewa miaka miwili, lakini aliuliza, na mpaka anaingia kaburini sikumwekea kinyongo.

Sasa mkwe wangu ni mwalimu kama mimi, na ni mwalimu wa fizikia, watoto wa shule wanamwita kwa jina la utani na wazazi wanamfuata mpaka nyumbani. Ile sawa yake naijua. Ni sawa ya mtu anayekupenda na hataki kuwa kizuizi, na pengine ya mwanaume anayeogopa watu watasema anakwenda kulishwa na mke. Usiiweke mfukoni ukaondoka nayo. Mkae, watoto wakiwa kwa dada yako, umuulize: kule utafanya nini Jumatatu asubuhi? Akikosa jibu, basi bado hamjaamua.

Mambo yamebadilika tangu wakati wetu, tena kwa faida yenu. Anayedhaminiwa na mke au mume anaweza leo kupewa kibali cha kazi akipata mwajiri, hafungwi na lile neno la kwenye pasipoti. Tangu 2019 kinachotazamwa kwa mdhamini ni kipato, dirhamu 4,000 kwa mwezi au 3,000 na nyumba, si jina la kazi kama zamani. Lakini masharti ya mama kumdhamini mume na watoto yanaweza kuwa na nyongeza zake, hivyo mwajiri wako akuandikie kwa barua kwamba viza za wote wanne atazishughulikia na gharama atalipa. Ahadi ya kwenye simu usiipokee.

Kwa mumeo, shule za binafsi za Dubai ziko chini ya KHDA, mamlaka ya elimu ya kule, na mwalimu haanzi kazi bila idhini yao. Aanze sasa kuandaa shahada yake na cheti cha tabia njema kutoka polisi. Vyeti vyote, pamoja na cheti chenu cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, vinapita Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Emirati hapo Dar, na kule vinathibitishwa tena na kutafsiriwa Kiarabu. Cheti chenu cha ndoa ni kile mlichopewa msikitini, kwa hiyo mwende kwanza RITA, wakala wa usajili, mhakikishe kiko kwenye rejista. Sisi tulizungushwa wiki sita kwa sababu ya herufi moja ya jina langu.

Kuhusu pesa nitakuwa mwalimu kidogo, unisamehe. Umefurahi kwamba kule hakuna PAYE, kodi ya mshahara, na kweli, hapa kila shilingi inayozidi milioni moja kwa mwezi inakatwa asilimia 30. Lakini kule hakuna mfuko wa pensheni kama NSSF pia. Mkataba wako unasema mshahara wa msingi ni 13,500, na nusu iliyobaki ni posho. Kwa walioajiriwa DIFC, tangu Februari 2020 mwajiri anaweka akiba ya mwezi kwenye mfuko badala ya kukulipa kiinua mgongo ukiondoka: asilimia 5.83 ya mshahara wa msingi kwa miaka mitano ya kwanza, kisha 8.33. Ni ya mshahara wa msingi tu, posho haimo. Kwa 13,500 unapata dirhamu 787 kwa mwezi. Ukiwaomba jumla ibaki ileile lakini msingi uwe 18,000, unapata 1,049. Kwao ni kuhamisha tarakimu na kuongeza hizo 262. Kwako, kwa miaka mitano, ni zaidi ya dirhamu 15,000. Omba kabla hujasaini, ukishasaini hutakuwa na la kushika.

NSSF yako umechangia miezi 60, na pensheni inataka 180. Nenda ofisini kwao uulizie uchangiaji wa hiari, usiiache ikalala kama nilivyouacha mfuko wangu. Mimi nilipoandika ile barua sikujua kwamba mfuko unamtazama aliyeacha kazi mwenyewe tofauti na aliyestaafu. Nililijua siku nilipokwenda kudai.

Halafu hundi. Kule nyumba unalipa kwa mwaka, na mwenye nyumba anataka hundi za tarehe za mbele, nne, mbili, wengine moja. Juu yake kuna amana na dalali, kila kimoja kwa kawaida asilimia 5 ya pango la mwaka. Kwa hiyo kabla hujapokea mshahara wa kwanza unahitaji fungu kubwa mkononi. Mwombe mwajiri akukopeshe pango la mwaka, wengi hufanya hivyo. Ila ujue kwamba mkopo huo unakufunga kwake.

Baba yako alisaini hundi nne mezani mbele yangu, Aprili 2008, akizipuliza wino ukauke. Septemba ile Lehman Brothers ikaanguka Marekani, na kufikia Februari 2009 benki yake ilikuwa imeondoa watu kitengo kizima. Viza yake ilipofutwa, na zetu zikawa zimekwisha, wote wanne kwa karatasi moja. Tulipewa siku 30. Wakati ule hundi ikirudi bila pesa ilikuwa kesi ya jinai, mtu anafungwa. Sheria hiyo imelegezwa tangu 2022, lakini sisi tuliishi chini yake. Watu walikuwa wanaacha magari uwanja wa ndege na kupanda ndege. Baba yako alikataa kuondoka hivyo. Aliuza Corolla kwa bei ya kutupa, akaenda kwa mwenye nyumba, akalipa alichodaiwa, akarudi na ile hundi ya mwisho mkononi. Aliichana juu ya sinki, akaiunguza, akafungulia maji. Kisha akaniomba chai.

Wewe unachokumbuka wewe ni shule. Nilijua, ingawa hukuwahi kusema. Walikataa kutoa cheti cha uhamisho mpaka ada ya muhula mzima ilipwe, na ulikaa nyumbani wiki mbili ukitazama basi la shule likipita chini. Tukarudi Tanga, ukaingia darasa la sita la Kiswahili, na Kiswahili chako kilikuwa cha jikoni tu. Hesabu ulikuwa unaijua lakini majina yake huyajui. Nilikuwa nasema kipeuo unanitazama, nasema kigawe kidogo cha shirika unalia. Lile daftari langu ndilo tulilolitumia. Nyuma ya ile ndege yangu ya maili 1,800 kuna mwandiko wako, msamiati wa hesabu kutoka A mpaka Z.

Kwa hiyo wajukuu wangu wasomeeni Kiswahili kila siku, na kuandika waandike, si kuongea tu. Kuongea hakutoshi mtoto akirudi ghafla. Na kurudi ghafla kwaweza kutokea hata kwa mfanyakazi hodari, baba yako alikuwa hodari kuliko wengi. Wekeni kando pesa ya kuishi miezi sita na ya nauli za watu wanne, katika akaunti ya hapa nyumbani, msiiguse hata kwa sikukuu.

Umeuliza pia kama uende peke yako, watoto wabaki na baba yao mpaka mambo yatulie. Utatangulia kwa vyovyote vile, maana huwezi kumdhamini mtu kabla ukaazi wako haujatoka, na viza za familia watataka mkataba wa nyumba uliosajiliwa Ejari, rejista ya mikataba ya pango ya Dubai. Miezi miwili, mitatu ikichelewa sana. Shule nyingi za mtaala wa Uingereza zinafungua mwishoni mwa Agosti, hivyo hesabu yako ianzie hapo. Zaidi ya hapo sikubali. Familia ya kuonana kwenye simu naijua kwa mama yako mkubwa, aliyekaa Muscat miaka minane, watoto wake wakamwita shangazi.

Lakini mimi nataka uende. Nilivyokuwa nakuandikia haya nimeogopa utasoma woga, na sina woga. Kazi uliyoitafuta tangu uko chuo imekuita, na ni saa tano na nusu tu kwa ndege kutoka Dar. Nataka uende ukiwa umefungua mkataba mstari kwa mstari, na pembeni yako awepo mtu aliyesema ndiyo kwa mdomo wake.

Usimweleze niliyoandika kuhusu yeye. Mwambie tu mama mkwe ana swali moja la fizikia, anipigie Ijumaa baada ya swala. Nitakuwa kibarazani, na daftari nimeshalitoa sandukuni.

Mama yako
Chumbageni, Tanga