Njia za baiskeli Dar zipo

Zipo ndugu, si kweli kwamba Dar haina hata mita moja ya njia ya baiskeli. Angalia Barabara ya Morogoro: awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, kama kilomita 21, ilijengwa pamoja na njia za baiskeli na za waenda kwa miguu pembeni. Mabasi yalianza kazi Mei 2016. Mimi hupita humo na baiskeli yangu, Ubungo hadi Magomeni, karibu kila siku.

Ila kuwepo ni jambo moja, kupitika ni jingine. Asubuhi bodaboda wanakata humo humo kukwepa foleni, jioni unakuta meza za matunda na jiko la mihogo katikati ya njia, inabidi ushuke na kusukuma. Wauzaji siwalaumu, wateja wanapita hapo na sehemu nyingine hawajapewa. Bodaboda ndio wanaoniumiza roho, maana wanapita kwa kasi na watoto wa shule wamo humo. Na ukiiacha barabara hiyo kuingia mitaani, Manzese kwa mfano, unabanana na bajaji.